Swichi Mbili za Gitaa la Daktari

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua saa mbili. Stima ipo. Redio tatu mezani, pasi moja, amplifaya ya kanisa la kule juu. Mvua imeanza mapema kuliko kawaida na mabati yanapiga kelele, siwezi hata kusikia spika ninayoijaribu. Nikaacha spika, nikafagia.

Saa nne akaingia mtu na gitaa la umeme kwenye mfuko mweusi. Odhiambo. Anafanya kazi maabara ya hospitali moja mjini Kisii, anapima damu, lakini Keumbu nzima humwita Daktari na yeye amechoka kukataa. Kwao ni Homa Bay. Wikendi anapiga solo katika bendi ya harusi ya Onsongo. Namjua kwa sura tu. Tumeongea Kiswahili, maana yeye Ekegusii hana na mimi Kijaluo sina. Kiswahili chetu wote wawili ni cha shule. Kinatosha.

Anataka gitaa liongezewe swichi. Lina pikapu mbili, yaani vile visanduku vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Swichi iliyopo inachagua: ya juu, ya chini, au zote mbili kwa pamoja. Basi. Sauti ni nene. Onsongo akianza kupiga kinanda, solo inazama, haisikiki. Daktari anataka pia sauti nyembamba, kali, ile inayopenya.

Nikamwambia kila pikapu ina koili mbili ndani, zimefungwa pamoja kama mapacha. Nikiweka swichi ndogo ya kumnyamazisha pacha mmoja, sauti inakuwa nyembamba. Akiirudisha, unene unarudi.

Akaniangalia. "Umewahi kufanya hiyo kazi, Mama Kerubo?"

"Kwa gitaa, hapana. Lakini koili ni koili."

Akafikiri kidogo, akaliacha gitaa. Nimempenda kwa hilo. Harusi kubwa ya bendi iko Nyamira tarehe 18. Kabla ya hapo wana mchango wa kanisa, huko huko Nyamira, Jumapili hii.

Jumanne, 6 Mei

Nimelifungua kwa nyuma. Waya zote zinazohitajika zipo. Kila pikapu inatoa waya nne za rangi na moja tupu. Aliyelitengeneza alizikunja mbili zisizotumika akazifunga utepe. Nilicheka peke yangu. Kumbe mlango ulikuwepo siku zote, ufunguo tu ndio haukuwepo.

Nimechora ramani nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana. Nyekundu inakwenda kwa swichi, kijani inakwenda ardhini, yaani kwa ile waya tupu. Nyeupe na nyeusi zinakutana kwenye swichi mpya. Nimechora mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na kosa, nimeichana.

Kwamboka, anayeuza ndizi mlangoni kwangu, aliniuliza ninashughulika na nini. Nikasema pikapu. Akachungulia barabarani kutafuta gari. Akauliza tangu lini nimekuwa makanika. Nikamwonyesha gitaa. Akasema hicho ni kijipikapu kidogo sana, hakiwezi kubeba hata mkungu mmoja.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimetoboa. Nimeogopa kama mtu anayempasua mtoto wake mwenyewe. Mbao imepakwa rangi nyekundu inayong'aa, ukikosea hata kidogo rangi inapasuka kama yai. Nikabandika utepe juu, nikapiga alama kwa msumari, nikajaribu kwanza kwenye ubao wa kitanda cha zamani. Mashimo manne kwenye ubao kabla ya shimo moja kwenye gitaa. Drili ya mkono, polepole. Jasho lilikuwa likidondoka na kulikuwa na baridi.

Mashimo mawili. Safi. Hakuna ufa.

Swichi nimezipata jana mjini kwenye duka la vipuri. Ndogo, za chuma, zinalia "tik" ukizigeuza. Stima ikapotea saa nane. Nikafunga duka, nikaenda kuchuma majani ya chai.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemaliza. Niandike vizuri ili nikumbuke. Kila kiungo nimekisugua kwanza, solda imekaa bapa, inang'aa. Kila waya nimeivika mpira mdogo mweusi wa kubana. Chuma cha solda nilikuwa nikikilaza kwenye jiwe la sabuni la kutoka Tabaka alilolichonga mjomba, haliungui wala halipasuki. Nikapiga picha kwa simu kabla ya kufunga kifuniko, kama ninavyofanya kwa kila kazi tangu nilipokuwa chuo.

Daktari alikuja alasiri. Akachomeka kwenye amplifaya ya kanisa. Nene. Akageuza swichi ya kwanza, tik. Nyembamba. Akageuza ya pili. Nyembamba zaidi, inakata. Akapiga kipande cha ile midundo ya kwao, vidole vinakimbia kama kuku. Watu wa stendi wakaja mlangoni. Kwamboka akaacha ndizi zake akacheza na leso kichwani.

Akasema, "Fundi, hii kitu imezaliwa upya." Fundi, alisema. Siyo Mama Kerubo.

Nimefurahi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Sikugusa kazi. Kanisani Onsongo alikaa mbele kama kawaida, koti la kijivu, Biblia kubwa. Yeye ndiye mwenyekiti wa kituo cha majani chai, na wa mambo mengine mengi. Ni wa ukoo wa mume wangu. Baada ya ibada alimsalimu Nyabuto kwa mikono miwili na akanipita. Akasema tu, "Na huyu mke wa Nyabuto naye anatengeneza magitaa siku hizi." Hakuniambia mimi. Alimwambia Nyabuto, nami nimesimama pale.

Nyabuto akacheka. Sikupenda kicheko hicho.

Jumapili, 11 Mei

Kwamboka alikwenda kwenye mchango Nyamira. Amerudi na habari, hata kikapu hajaweka chini.

Bendi ilianza vizuri. Daktari akaweka swichi kubwa katikati, pikapu zote mbili. Sauti ikafa. Siyo kufa kabisa. Ikawa kama mtu anayeongea akiwa amebanwa pua. Haina tumbo, haina nguvu. Akageuza huku na kule, katikati ni hivyo hivyo. Watu wakaanza kuangaliana.

Onsongo akachukua maikrofoni. Akasema, "Samahanini wapendwa. Hili gitaa tulimpa mama mmoja wa Keumbu alitengeneze. Nafikiri angebaki kutengeneza chai." Watu wakacheka. Mhubiri pia alicheka, Kwamboka amenihakikishia. Kwamboka mwenyewe alicheka kidogo, nimeiona usoni mwake, ndiyo maana alikuja mbio kuniambia.

Daktari je? Alisema nini? Aliangalia viatu vyake.

Nimekaa jikoni nikirudia kila waya kichwani. Nyekundu, kijani, nyeupe, nyeusi. Nimeangalia picha kwenye simu mpaka macho yakauma. Kila kitu kiko mahali pake. Ijumaa gitaa lilijaribiwa katikati, mbele ya watu, na sauti ilikuwa nene kama uji. Lakini hofu imeingia. Je, kiungo kimeachia? Kiungo kikiachia sauti inakatika, haibanwi pua. Najua hivyo. Bado naogopa. Naona aibu kwamba naogopa.

Na hasira. Chai!

Jumatatu, 12 Mei

Mama wa nyumba ya pili amekuja kuchukua redio yake. Haijatengenezwa. Akasema mtoto wake wa Nairobi atamnunulia nyingine. Mwanaume mmoja amechukua pasi. Saa sita wamekuja wawili wa kanisa la juu kuchukua amplifaya. Hiyo ilikuwa tayari imepona. Nikawaambia imepona, waiwashe waone. Wakasema wameambiwa waipeleke mjini ikaangaliwe kwanza. Kitu kizima kinapelekwa mjini kuangaliwa kama ni kizima!

Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kibanda hiki. Nimefufua redio zilizoangukia mtoni. Nimetengeneza spika za mazishi ya nusu ya watu wa hapa, nikazisimamia mpaka jeneza likashuka. Hakuna aliyesema chai wakati huo.

Nimempigia Daktari simu mara tatu. Hapokei. Labda yuko kazini. Labda ni mwoga.

Jumanne, 13 Mei

Maandishi yatakuwa mabaya leo.

Nyabuto ameniombea msamaha.

Asubuhi alipopeleka majani alikwenda mpaka nyumbani kwa Onsongo, akakaa kwenye kiti chake, akanywa uji wake, akamwambia, mke wangu alikosea, tusamehe, yaishe. Ameniambia haya akiwa anavua buti, kwa sauti ya mtu aliyenifanyia jambo jema. Kama aliyeleta nyama.

Nikamwuliza nilikosea nini. Akasema, "Mimi sijui mambo ya waya." Sasa kama hujui mambo ya waya unaombaje msamaha wa waya? Akasema Onsongo ni ndugu, ni mwenyekiti, majani yetu yanapita mikononi mwake, na tutaishi naye hapa mpaka tuzeeke. Akasema msamaha hauna gharama.

Hauna gharama kwake! Kwangu una. Jana ilikuwa ni maneno ya Onsongo tu. Leo mume wangu mwenyewe amekubali. Nani sasa ataniamini? Ameweka sahihi kwa jina langu. Ameniombea kama unavyomwombea mtoto aliyevunja dirisha la jirani.

Sikupiga kelele. Nilimwekea chakula, nikatoka, nikaenda kusimama kwenye migomba mpaka mvua ikanifukuza. Miaka kumi na sita ya ndoa na sijawahi kumkasirikia hivi. Hata ile mara alipouza ng'ombe bila kuniuliza.

Jumatano, 14 Mei

Daktari amekuja. Na gitaa. Alisimama mlangoni kama mtu anayekuja kwenye matanga bila kujua jina la marehemu.

Sikumkaribisha kiti. Nikamwuliza kwa nini aliangalia viatu. Akasema hakutaka ugomvi mbele za watu, bendi ni ya Onsongo, spika ni za Onsongo, na yeye ni mgeni huku. Nikamwambia mimi si mgeni na nimepigwa nyumbani kwangu. Akashusha mfuko wa gitaa. Halafu akasema, "Uko na haki, Fundi. Nilikosea wewe." Angalau huyu amekosea mwenyewe na anaomba mwenyewe.

Nikamwambia achomeke. Nikasikiliza. Pikapu ya juu peke yake, nzuri. Ya chini peke yake, nzuri. Zote mbili, pua imebanwa.

Nikajua hapo hapo. Kuna pikapu moja imegeuzwa. Waya zake mbili zimebadilishana nafasi. Hii ikisukuma, ile inavuta, na sauti yote nene inaliwa katikati. Hicho siyo kitu kinachotokea chenyewe. Waya hazibadilishani viti zenyewe. Kuna mkono.

Nikamwuliza gitaa lilikuwa wapi kutoka Ijumaa hadi Jumapili. Akasema alilipeleka ukumbini Nyamira Ijumaa jioni, linakaa stoo ya bendi pamoja na vyombo vingine, kwa sababu chumba alichopanga mjini kinavuja. Ufunguo wa stoo anao Onsongo.

Alitaka nilifungue papo hapo nirekebishe. Nikakataa. Nikilifungua hapa peke yangu watasema nilificha kosa langu. Nitalifungua mbele ya Onsongo mwenyewe. Kesho wana mazoezi saa tisa. Nikamwambia alirudishe gitaa na asilifungue, na mimi nitakuja.

Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Hakika nilikuwa nayo. Hofu pia.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda. Niandike kwa mpangilio.

Nilimwambia Nyabuto asubuhi kwamba nafunga duka mapema, nakwenda Nyamira kwa Onsongo na bendi yake. Akasema nimwache, yameshaisha. Nikasema yameisha kwako. Nikavaa gauni la kanisani. Nikabeba bisibisi, chuma cha solda, na mita aliyoniachia Tata, baba yangu, ile yenye sindano inayosimama katikati. Mita za namba ninazo. Lakini sindano hata mtu asiyesoma anaiona ikienda.

Ukumbi una viti vya plastiki na harufu ya unga. Walikuwa watano. Onsongo kwenye kinanda, Daktari, mpiga besi anayeitwa Makori, mpiga ngoma, na dada mmoja wa kuimba. Onsongo akaniona na bisibisi. Akasema kwa Ekegusii, mke wa Nyabuto, mumeo alishakuja, hakuna haja. Nikamjibu kwa Kiswahili ili Daktari asikie. Nikasema, "Mimi naitwa Moraa. Na sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kuonyesha."

Sikungoja aniruhusu. Nikachomeka waya wa gitaa, upande wa pili nikauunga kwenye mita. Nikawaita wasogee. Makori alisogea wa kwanza. Nikaweka swichi kwa pikapu ya juu, nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye sumaku yake. Sindano ikaruka kulia. Nikarudia mara tatu. Kulia, kulia, kulia. Nikahamia pikapu ya chini. Sindano ikaruka kushoto. Kushoto, kushoto.

Nikasema, "Hizi mbili zinapigana. Ndiyo sauti mliyosikia Jumapili."

Onsongo akasema, "Si ndiyo hiyo? Umejionyesha mwenyewe. Umeziweka vibaya."

Hapo ndipo nikafungua kifuniko. Nilikuwa nimelala na picha ile kichwani siku nne, lakini nilipoona ndani nilishtuka. Pikapu ya juu, kazi yangu, imekaa kama nilivyoiacha. Pikapu ya chini, nyekundu na kijani zimebadilishana. Mipira yangu ya kubana haipo, pameviringishwa utepe wa stima wa rangi nyekundu. Solda imerundikwa kama kamasi, nyeusi kwa kuungua. Nikatoa simu, nikaweka picha ya Ijumaa kando ya gitaa. Dada wa kuimba akashika simu, akaangalia picha, akaangalia gitaa, akampa mpiga ngoma.

Onsongo akasema picha zinaweza kuwa za gitaa lolote.

Na Makori, ambaye sijawahi kuongea naye maishani, akakohoa. Akasema, "Lakini mzee, si ni wewe ulifungua hii gitaa Jumamosi? Ulinipigia simu nikuje nikushikie tochi. Ulisema unataka kuona vile huyo mama amefanya, ndio ufanye hiyo gitaa ingine yako. Waya zikatoka mbili. Ukazirudisha."

Nilisikia mvua ikianza.

Jumamosi! Sabato! Ametoka kwenye kiti cha mbele, na ile Biblia, akaenda kuiba kazi yangu kwa macho, akaivunja, akairudisha kinyume, na Jumapili akashika maikrofoni akanicheka. Na mume wangu akaenda kunywa uji wake.

Nilidhani nitapiga mayowe. Badala yake sauti ilitoka ndogo sana. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniuliza tu? Ningekuonyesha."

Alianza kukunja waya wa maikrofoni, akaukunja vizuri sana. Kisha akasema mazoezi yameahirishwa, ana mkutano wa kituo. Akaondoka na mwavuli.

Nilirudisha waya mahali pake pale pale, chuma kimechomekwa karibu na kinanda chake. Sindano kulia, kulia. Daktari akapiga. Tumbo la sauti likarudi, sakafu ikatetemeka. Makori akatikisa kichwa akacheka.

Halafu Daktari akaniudhi tena. Akasema ile sauti ya pua, ukiitoa ghafla katikati ya wimbo, ingekuwa tamu. Je, naweza kuongeza swichi ya tatu ili aipate anapotaka? Nilitamani kumpiga na mita. Sauti iliyonichafulia jina, yeye anaitaka iwekwe iwe ya kudumu!

Lakini inawezekana. Ni rahisi hata. Nilikuwa nimeshaanza kuichora kichwani kabla hajamaliza kusema, na hilo nalo likaniudhi.

Nikamwambia nitafanya kwa sharti moja. Jumapili, harusini, ataeleza mwenyewe kwenye maikrofoni ni nani alitengeneza gitaa na ni nani aliliharibu. Akasema jina la kwanza atalitaja. La pili ataona.

Nikasema nitalikubali la kwanza.

Nyumbani nilimweleza Nyabuto yote, nikiwa nimesimama. Sindano, utepe mwekundu, Makori. Alisikiliza akiwa na kikombe mkononi. Akaenda kufunga ng'ombe. Sijui anafikiri nini. Kusema kweli leo sijali anafikiri nini.

Ijumaa, 16 Mei

Tumepeleka majani pamoja. Huwa anakwenda peke yake, mimi nina duka. Leo alisema kikapu cha pili ni kizito, nimsaidie. Hakikuwa kizito.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu, watu kama arobaini, wengi wanawake. Onsongo alikuwa karibu na mizani na kalamu yake. Zamu yetu ikafika. Nyabuto akaweka kikapu chini, hakukitundika. Akavua kofia. Nilifikiri anakwenda kuomba msamaha mwingine.

Aliongea Ekegusii, kwa sauti ile ile anayoitia ng'ombe. Akasema, "Onsongo, Jumanne nilikuja kwako nikakuomba msamaha kwa ajili ya Moraa."

"Ndiyo, ndugu yangu. Yaliisha."

"Hayakuisha. Nilikuomba msamaha wa kosa ulilolifanya wewe. Nataka unirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Msamaha wangu."

Kuna mwanamke nyuma alianza kucheka akajizuia. Onsongo aliangalia mizani. Akasema hapa ni mahali pa majani. Nyabuto akasema uji aliunywa nyumbani lakini maneno ya gitaa yalisemwa mbele za watu, kwa hiyo na haya ameyaleta mbele za watu. Akaeleza. Siyo vizuri sana, alichanganya swichi na sumaku, akasema Onsongo aliingiza mkono kwenye injini. Sikumsahihisha. Alikuwa akiizungusha kofia mikononi.

Halafu akavaa kofia, akatundika kikapu. Onsongo akapima. Uzito ukaandikwa. Nilichungulia kitabu mwenyewe.

Njiani, karibu na daraja, Nyabuto akasema hakujua kwamba kuna picha. Nikamwambia hata bila picha. Akasema, "Ndiyo. Hata bila picha."

Bado nina hasira naye. Imepungua. Nimeiacha ipungue yenyewe, siisukumi.

Daktari alileta gitaa saa tano akiwa anakwenda zamu. Shimo la tatu nimelitoboa bila kuogopa. Swichi hii ina miguu sita, waya zinapita msalaba. Imekubali mara ya kwanza. Kabla ya jua kuzama alikuwa amelichukua. Anakaa nalo chumbani kwake sasa, ameweka beseni chini ya panapovuja.

Jumapili, 18 Mei

Harusi ya Nyamira ilikuwa leo. Sikwenda. Sikualikwa, na nguo za wiki nzima zilikuwa zinanisubiri. Kulikuwa na jua zuri, la kwanza tangu mwezi uanze. Nimefua mpaka mashuka.

Mwanamke wa redio alipita njiani. Akasema yule mtoto wa Nairobi hajapata nafasi, kwa hiyo ataileta kesho. Nikasema sawa. Sikumwambia neno. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Jumatatu, lilikuwa neno zuri, lakini nilikuwa na mashuka mikononi.

Saa kumi Daktari akapiga simu. Nyuma yake kelele, sahani, watoto. Bendi ilipiga yote. Swichi zote tatu zimefanya kazi. Onsongo alikuwepo kwenye kinanda, hakuongea naye. Akasema ametimiza sharti. Alichukua maikrofoni baada ya wimbo wa keki, akasema gitaa hili limetengenezwa na Fundi Moraa wa Keumbu, na kama lilisikika vibaya juzi halikuwa kosa lake. La pili hakulitaja.

Nikamwuliza watu walifanya nini.

Akasema, "Walikuwa wanakula, Fundi."

Nilicheka mpaka Nyabuto akatoka nje kuangalia. Walikuwa wanakula. Sawa. Limesemwa.

Onsongo hajaniomba msamaha. Sidhani ataomba. Nitaendelea kumwona kanisani na koti lake.

Nilikunja mashuka, nikajilaza kidogo kabla ya kuwasha jiko. Nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka Nyabuto alikuwa amechemsha chai, na majani alitia mengi mno, chungu. Nimeinywa yote.